Kwa vijana mliogombana usiku mwezi ulipopatwa

Assalaam alaykum, wajukuu zangu.

Nawaandikia nyinyi mliokuwa barazani mwa msikiti usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, mkabishana mpaka sauti zenu zikatufikia ndani, tukisali kwa ajili ya mwezi kupatwa. Mimi nilikuwa kwenye kiti, maana magoti yamenikatalia kusujudu chini, ila masikio Mungu hajayachukua. Mmoja wenu alisema: mahesabu yalitaja saa mbili na nusu, na kweli saa mbili na nusu mwezi wote ukawa rangi ya kutu, sasa tunasalia nini, kivuli cha dunia? Mwenzake akamjibu kwamba anayesema ni kivuli amekufuru. Mkafika kutukanana. Na mwezi wenyewe, uliokuwa juu ya paa la msikiti wazi kabisa, nilipotoka sikuona aliyeinua kichwa.

Kabla sijawasema nyinyi, nijiseme mimi.

Miaka mingi nilikuwa asubuhi baharini, jioni chuoni nikisomesha watoto Qur'ani. Siku moja, baada ya mwezi kupatwa, mtoto mmoja asiye na meno ya mbele aliniuliza: "Maalim, kama chatu anaumeza mwezi, mbona anautapika mzima?" Wenzake wakaangua kicheko. Nikamtoa nje kwa bakora. Nilijiambia kwamba ananidhihaki, lakini kisa chenyewe ni kwamba jibu sikuwa nalo. Chatu yule hakutoka katika kitabu chochote nilichosomeshwa. Nilirithi kwa bibi yangu, aliyekuwa akitugawia masufuria tuyagonge mpaka mwezi uachiwe. Mtoto alikaa wiki tatu hajaja chuoni, na mimi nikakaa wiki tatu najiona nimeilinda dini.

Laiti ningekumbuka nilichokuwa nikikifundisha mwenyewe. Mtume, rehema na amani zimshukie, alizika mwanawe Ibrahim, mtoto mdogo wa kunyonya, na siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wa Madina wakasema limepatwa kwa kifo cha mtoto yule. Fikirini baba aliyetoka makaburini, anaambiwa kwamba mbingu nazo zinamlilia mwanawe. Angenyamaza tu, nani angemlaumu? Hakunyamaza. Aliwaambia jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake, na mkiona hayo, salini. Wataalamu wa elimu ya nyota waliohesabu kurudi nyuma wameikuta hata siku: 27 Januari 632. Kwa hiyo wewe uliyesema anayetaja kivuli amekufuru, mahesabu ya vivuli hivyo ndiyo yanayokuonyesha kwamba jua lilipatwa kweli.

Na wewe uliyeuliza tunasalia nini, njoo nawe nikuulize. Baba yako ni mvuvi. Usiku ule maji yalikuwa yanatoka, na hakuhitaji kutazama simu kulijua hilo. Mwezi mpevu ni bamvua, maji makubwa yanayojaa na kutoka sana, na bamvua ya kwetu maji hujaa saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, kwa hiyo saa nne usiku mwamba uko nje. Ngoja wiki moja, mwezi ubaki nusu, upate maji mafu yasiyopanda wala kushuka sana. Dunia ikikaa katikati ya jua na mwezi, mvuto wa viwili hivyo unakwenda mstari mmoja na bahari inafuata. Ndiyo maana mwezi haupatwi ila wakati wa bamvua. Wazee wetu waliuhesabu hata mwaka kwa miongo, kumi kumi mara thelathini na sita, na siku tano za mwisho, mpaka Nairuzi, mwaka mpya wetu wa Waswahili. Walijua maji yatajaa saa ngapi na bado walisema bismillahi wakisukuma ngalawa. Hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa saa yake inajulikana, basi bahari haina mwenyewe.

Mwanzo wa kusi, upepo wa kutoka kusini, mwaka 1965 nilipanda jahazi kwenda Aden, kijana wa kuteka maji na kupika. Siku kadhaa baada ya kuipita Mogadishu, nahodha aliniamsha usiku wa manane. Nilidhani tunazama. Akanishika bega, akanigeuzia kaskazini, akasema, "Ile pale." Nyota moja ndogo, hafifu, karibu inagusa maji. Hiyo ni nyota ya kaskazini, nasi watu wa Tanga hatuioni maisha yetu yote, kwa kuwa tuko upande huu wa ikweta na mgongo wa dunia unatuzibia. Kila tulivyosonga ilipanda. Nahodha alinyoosha mkono, akavilaza vidole juu ya upeo wa bahari, akavihesabu, akajua tumefika wapi. Kusoma hakujua, hata jina lake. Alipomaliza kuhesabu alishusha mkono, akasema "Subhanallah" kwa sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe, akarudi kwenye usukani. Sikumwona akichagua kati ya vidole vyake na Mola wake.

Kilimia nacho mmekisahau, mnakijua kwa methali tu. Ni lile kundi dogo la nyota, sita au saba kwa macho yenu, kwangu siku hizi ni ukungu. Nuru yake inayokufikia usiku huu imesafiri miaka kama 440. Ilitoka huko kabla Wareno hawajaanza kuijenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593. Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilikaa kimya siku nzima, mke wangu akadhani naumwa.

Aliyenieleza ni yule yule mtoto wa bakora. Sasa ana mvi. Alirudi likizo na darubini ndogo ya miguu mitatu, akaisimamisha mchangani na kunichukulia kiti. Nilimwomba msamaha palepale. Akasema, "Maalim, funga jicho moja kwanza." Nikaweka jicho langu lenye afadhali. Sayari ya Mshtarii, ambayo kwa miaka sabini ilikuwa kwangu nukta tu, ikawa kiduara chenye nukta nne zimejipanga kama mitumbwi iliyotia nanga. Akaniambia hiyo ni miezi yake, nayo inazunguka, kesho nitaikuta imebadilishana nafasi. Kesho yake nilikwenda. Ilikuwa imebadilishana.

Darubini ameniachia. Mwezi ukishakwisha, ukawa ule wembamba ambao sura ya Yasin katika Qur'ani inaufananisha na karara kongwe, litaanza giza, na wavuvi wa dagaa watakuwa baharini na taa zao. Njooni baada ya isha, mkae upande wa pili, nyuma ya mashua zilizopinduliwa, pasipofika mwanga. Nyote wawili mliogombana mje. Simu mzizime, na mmoja wenu anibebee kiti.

Wassalaam,
Babu yenu, maalim wa zamani