Salamu za Idi: Nenda kwa Njia Moja, Rudi kwa Nyingine

Taqabbalallahu minna wa minkum. Idi njema kwenu nyote mliofunga Unguja na Pemba, mliofungia Muscat, Dubai au London, na nyinyi jirani zetu Wakristo ambao Kwaresima yenu miaka hii imekuwa ikikutana na Ramadhani. Nanyi Pasaka yenu iwafikie kwa kheri.

Zaka ya fitri iwe imeshatoka: pishi moja kwa kila kichwa nyumbani, yaani vibaba vinne, karibu kilo 2.5 za mchele. Imfikie mwenyewe kabla ya sala, kwani ikitolewa baada ya hapo huhesabiwa sadaka kama sadaka nyingine. Kula tende kwa witiri, moja au tatu, ndipo utoke. Na iko sunna watu wengi wanaisahau asubuhi ile: kwenda msikitini kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, sunna hiyo ni zawadi. Njia ya kurudi inaweza kukupitisha kwenye nyumba za ibada ambazo mwaka mzima unaziona paa tu.

Tuseme umeswali Malindi. Kabla ya kuondoka inua macho uutazame mnara wa Msikiti Balnara: umechongoka kama pia iliyopinduliwa, umezungushiwa mistari ya meno ya msumeno. Ni mmoja kati ya minara michache sana ya namna hiyo katika pwani yetu. Misikiti mingi ya zamani humu haina mnara kabisa. Maibadhi, waliokuwa madhehebu ya masultani, walijenga bila mapambo, na ukipita haraka utadhani ni nyumba ya mtu. Utaujua msikiti kwa viatu mlangoni, na kwa kibla.

Kibla hapa ni kaskazini karibu kamili, kwa sababu Makka na Unguja ziko takriban kwenye mstari mmoja wa longitudo. Vichochoro vyetu havikupimwa kwa dira, kwa hiyo msikiti mara nyingi hukaa upande na njia, na mgongo wa mihirabu, kile kishubaka cha mbele anaposimama imamu, hutokeza nje ukutani kama tumbo. Ukipotea, tafuta tumbo hilo: linakoelekea ni kaskazini, na mkono wako wa kushoto iko bahari.

Ndani, nguzo ni nyingi na safu ni nyembamba. Sababu ni boriti. Dari za zamani zilibebwa na boriti za mikoko, na mkoko ulionyooka hutoa urefu wa kama mita 2.5 hadi 3. Anayetaka ukumbi mpana ilimbidi aongeze safu ya nguzo. Kumbuka hilo ukifika Mkunazini.

Shuka kwa Hurumzi, ambako kengele ya hekalu la Wahindu husikika njiani, kisha ulifuate Kanisa la Minara Miwili. Baharini unaliona mbali, lakini ukiingia vichochoroni linatoweka. Lilijengwa miaka ya 1890 na mapadre wa Kifaransa. Mlango mkubwa ukiwa umefungwa, pitia uani, na ubishe hodi.

Mkunazini ndiko pa kukaa. Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba wa Sayyid Barghash na Waingereza, na Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Anglikana. Askofu Edward Steere, aliyetafsiri Maandiko kwa Kiswahili cha Unguja, hakutegemea boriti: aliezeka kwa kuba refu la matumbawe yaliyopondwa na saruji, upana mzima bila nguzo ya katikati. Watu wengi siku zile hawakuamini kama lingesimama. Steere alifariki 1882 akazikwa nyuma ya altare. Mbele ya altare hiyo, sakafuni, kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu, panapoelezwa kuwa palisimama mti wa kuchapia watumwa. Ukifika hapo nyamaza kwanza, picha baadaye.

Sasa jambo linalotuuma. Idi miaka hii inaangukia mlangoni mwa masika, na kuta hizi ni matumbawe na chokaa. Ukuta wa chokaa hunywa maji na kuyatoa. Ukiupiga lipu ya saruji, maji huingia kwa juu yakakosa pa kutokea, chumvi huganda ndani na kuibandua lipu, na vichwa vya boriti vilivyomo ukutani huoza bila mtu kuona mpaka dari imeinama. Gonga kwa vifundo vya vidole: pakilia utupu, lipu imeshaachana na jiwe. Dawa ni chokaa iliyolowekwa wiki nyingi, sehemu moja kwa mbili au tatu za mchanga, ipakwe kwa tabaka nyembamba na kunyunyiziwa maji isikauke mbio. Na kabla ya hayo yote, panda juu ukasafishe mchirizi; mchirizi mmoja ulioziba huharibu ukuta mzima kwa masika moja. Kipande cha Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la masultani, kiliporomoka 25 Disemba 2020 na watu wakapoteza maisha. Wenye kamati za misikiti na makanisa, tunawaomba: pesa za rangi mpya ya sikukuu zianzie kwenye mchirizi.

Wageni mliokuja kula sikukuu, vaeni nguo za kufunika mabega na magoti. Kanga moja ndani ya mkoba inatosha. Asiye Mwislamu asiingie msikitini mpaka amwombe msimamizi, wala asiombe karibu na adhuhuri, saa sita na nusu, watu wanapotawadha. Akikataliwa asinung'unike. Barazani nje anakaribishwa.

Kutoka Mkunazini ni dakika chache tu kuvuka barabara hadi Mnazi Mmoja, watoto walikojaa na nguo zao mpya kwa siku zote nne. Chenji noti zako mapema ziwe ndogondogo, maana mkono wa Idi utaombwa kila pembe. Idi Mubarak.