Baruti ya Bastola Kongwe: Anza na Bastola Yenyewe

Wateja wanaojaza upya maganda ya risasi yaliyotumika hutuuliza kwanza jina la baruti. Sisi huuliza kwanza bastola ilitengenezwa lini na kwa baruti ipi: nyeusi, au isiyo na moshi? Colt, kiwanda cha Marekani, kwa mfano, ilianza kuidhinisha revolva (bastola ya silinda inayozunguka) yake ya 1873 kwa baruti isiyo na moshi mwaka 1900. Za kabla ya hapo zibaki na baruti nyeusi. Alama ya kwamba bastola imejaribiwa kwa baruti isiyo na moshi, kwenye za Kijerumani, ni herufi N chini ya taji. Kwenye za Kiingereza, maneno NITRO PROVED. Usipoiona alama, usifyatue kitu mpaka fundi aikague.

Baruti nyeusi haitaki hewa ndani ya ganda: hujazwa mpaka kitako cha risasi kiibane kidogo. Masizi yake huvuta unyevu na kula chuma, hivyo osha mtutu kwa maji ya moto siku hiyohiyo, ukaushe, upake mafuta.

Baruti isiyo na moshi hutiwa kwa kiasi kidogo sana, na hatari kubwa imo humohumo. Ganda la .45 Colt, risasi ya revolva hiyo ya 1873, lilibuniwa kumeza hadi greni 40 za baruti nyeusi, kama gramu 2.6. Baruti ya kisasa inayoungua haraka hukaa chini kabisa ya ganda hilo. Ukisahau ukamimina mara ya pili, haimwagiki, na silinda inaweza kupasuka. Ndiyo maana tunapendelea baruti yenye ujazo mkubwa, ambayo kipimo cha pili kitafurika ukione. Hata hivyo, panga maganda kwenye trei na uyamulike yote kwa tochi kabla ya kupachika risasi.

Vipimo chukua kwenye mwongozo wa sasa wa mtengenezaji wa baruti hiyohiyo, uanzie cha chini kabisa. Usihamishe kipimo cha baruti moja kwenda nyingine, wala usichanganye mbili. Inayonuka ukali na kutoa vumbi la rangi ya kutu imeoza, iondoe.

Kwa bastola zinazojipakia, jihadhari na risasi zinazofanana. Ganda la .38 Super, ya 1929, lina vipimo vya risasi ya zamani zaidi ya .38 ACP, lakini shinikizo lake ni kubwa zaidi. Vilevile risasi ya Kirusi ya 7.62 Tokarev inaweza kuingia kwenye bastola ya Kijerumani ya Mauser C96 ya 7.63, na haifai humo. Springi iliyolegea nayo huacha slaidi (kipande cha juu kinachorudi nyuma) igonge fremu (mwili wa bastola) kwa nguvu, kwa hiyo tunaipima kabla ya kuzungumzia baruti.