Barua kwa mwanangu: badili zile rangi kabla ya Jumatatu

Muheza, Ijumaa jioni

Mwanangu mpenzi,

Mzigo huu nimempa kondakta wa basi la asubuhi. Umpigie kabla hajafika stendi, maana huyu wa sasa hana subira kama yule wa zamani. Ndani kuna mafuta ya nazi, dagaa na lile shuka zito, kwa sababu Dodoma usiku kuna baridi na wewe hukuzoea. Barua nimeiweka juu kabisa ili uisome kabla ya kula.

Jumanne uliponiambia kwenye simu kwamba umepitisha mistari iliyotakiwa kufutwa, ulicheka. Mimi sikucheka, na usiku ule usingizi ulinipaa. Ulisema ulikuwa umechoka. Baba, sidhani ulikuwa uchovu. Ulikuwa umekaa mbele ya git diff, ile orodha ya mabadiliko ya programu, mistari iliyofutwa nyekundu, iliyoongezwa kijani, na kwa macho yako rangi zote mbili ni udongo mmoja. Jumatatu unaanza zamu ya usiku, peke yako, na seva za watu mikononi mwako. Zibadili hizo rangi kabla ya Jumatatu.

Ya nyanya za sokoni, siku ulipochanganya mbivu na mbichi, sitayarudia, unayakumbuka kuliko mimi. Ila baba yangu, ambaye umechukua jina lake, nyanya alikuwa anazichagua kwa kuziminya. Anashika moja moja, anaibonyeza kwa dole gumba karibu na kikonyo, laini huku, ngumu kule. Machungwa hayakumsumbua, kwa kuwa ya huku kwetu huiva yakiwa bado ya kijani na kila mtu huyapima kwa uzito na ganda. Nikiwa mtoto nilidhani ndiyo staili yake. Hitilafu hii ya kutotofautisha nyekundu na kijani hukaa kwenye kromosomu X, na mtoto wa kiume X yake huipata kwa mama tu. Baba yako hahusiki hata chembe, ingawa yeye ndiye aliyekupeleka kwenye kile kitabu cha nukta cha Ishihara, cha kupimia macho ya rangi, wakati mimi nilikuwa nasema mtoto hana utulivu. Siku ile ya nyanya mkono ulinitangulia, nikakupiga. Nakuandikia ujue umeitoa wapi.

Hauko peke yako. Ulaya wanakadiria karibu wanaume 8 katika kila 100 wana shida ya nyekundu na kijani. Afrika ni wachache zaidi, lakini wapo, na wengi hawajui. Wewe unajua, ndiyo maana nakulaumu.

Na hiyo Solarized, seti ya rangi za skrini unayoing'ang'ania, naomba uiache. Najua ilisifiwa sana tangu Ethan Schoonover alipoitoa mwaka 2011, na kwa macho mengine ni tulivu kweli. Lakini utulivu wake umetokana na kupunguza tofauti ya mwanga. Maandishi ya kawaida juu ya ile bluu-kijani nzito yana uwiano wa karibu 4.7 kwa 1, unapita mstari kwa shida, kwa kuwa miongozo ya wavuti inataka angalau 4.5. Maelezo ya pembeni ndani ya msimbo wa programu yanashuka hadi kama 2.8. Halafu nyekundu yake na kijani yake hazipishani sana kwa mwangaza, na mwangaza ndio ulio nao wewe wa kutofautishia. Umechagua nguo nzuri isiyokutosha.

Fanya hivi. Fungua mipangilio ya terminali, lile dirisha la kuandikia amri, ingia kwenye profaili, sehemu ya rangi, uzime ile ya kufuata rangi za mfumo. Nyuma weka rangi yenye namba #1e1e1e, maandishi #d0d0d0. Hapo unapata karibu 11 kwa 1, inatosha na haikwaruzi. Usiweke nyeupe tupu juu ya nyeusi tupu, ile 21 kwa 1. Mimi mwenye astigmatizimu, jicho lisilo na mviringo sawasawa, herufi zake hunitawanyikia kama taa ya bodaboda kwenye mvua, na nilivumilia miaka mingi nikidhani ndivyo kompyuta ilivyo.

Utakuta visanduku 16 vya rangi. Cha bluu, namba 4 ukihesabu kutoka sifuri, ndicho kinachotesa watu wote, hata wenye macho mazima. Ukiandika ls, amri ya kuorodhesha mafaili, folda huja kwa bluu, na bluu ya xterm, terminali ya zamani, juu ya nyeusi haifiki hata 2.3 kwa 1. Microsoft wenyewe mwaka 2017 waliiangaza bluu ya dirisha lao la amri kwa sababu watu walikuwa hawaisomi. Weka #729fcf, utaona folda zinasimama. Kisha andika hivi, iliyofutwa iwe njano na iliyoongezwa bluu:

git config --global color.diff.old yellow
git config --global color.diff.new blue

Njano na bluu babu yako alizitenganisha bila kuminya kitu. Na hata baada ya hapo, kabla hujapitisha chochote angalia alama iliyoko mwanzo wa mstari, kutoa au kujumlisha. Mstari ukiwa mrefu na badiliko ni neno moja, tumia git diff --word-diff: kilichofutwa kinakaa ndani ya mabano ya mraba na alama ya kutoa, kilichoongezwa ndani ya mabano ya mawimbi na ya kujumlisha. Alama haina rangi, mwanangu.

Kitu kimoja nilikiona kwa macho yangu. Ofisi niliyokuwa, walipaka prompti, yale maneno yanayotangulia amri, ya seva halisi rangi nyekundu ili mtu ashtuke kabla ya kuandika amri. Kijana mmoja, mwangalifu kabisa, aliwasha upya mashine ambayo haikuwa ya majaribio. Walimsema sana. Mimi nilikuwepo kikaoni na nilinyamaza, wakati nilikuwa na wewe nyumbani na nilikuwa najua nyekundu juu ya nyeusi inaweza kuonekana giza tu kwa mtu. Kwa hiyo weka neno, usiweke rangi peke yake:

PS1='[SEVA HALISI] \u@\h:\w\$ '

Ukumbuke pia vitu hivi havikai mahali pamoja. Zile rangi 16 zinakaa kwenye terminali unayoikalia, za git na prompti zinakaa kwenye mashine unayofanyia kazi. Ukikuta huko Dodoma kuna kompyuta ya zamu inayotumiwa na wote, rangi zako hazitakuwepo. Ziandike kwenye kikaratasi, uzipange upya jioni ile ile, usingoje saa nane usiku kengele zinalia.

Na umwambie msimamizi wako. Hilo ndilo unalolikwepa, nakujua. Usaili umeshinda, wamekuchukua kwa kichwa chako. Nilipopata ile simu nilikwenda kuwaambia majirani mpaka wa nyumba ya tatu. Hakuna atakayekunyang'anya kazi kwa sababu umeomba skrini ya kufuatilia seva iandike neno “IMEANGUKA” pembeni ya ile taa. Atakayekasirika ni yule utakayemficha halafu mambo yaharibike.

Mchana ukiwa karibu na dirisha, geuza iwe karatasi, nyuma nyeupe iliyopoa na maandishi meusi. Usiku rudi kwenye giza. Ukiona vim, kile kihariri cha maandishi, imekuletea maelezo yasiyosomeka, mara nyingi imekosea kukisia mandhari; iambie :set background=dark, na mchana light. Na upepese macho, tukikodolea skrini tunasahau kupepesa.

Huku hatujambo. Simtank imeanza kuvuja pale kwenye koki, fundi ameahidi Jumapili. Mdogo wako anataka mlango wa jikoni upakwe rangi ya kijani, nimemwambia angoje wewe urudi useme kama unaiona. Akaniuliza kwa nini, nikamweleza yote, pamoja na yale ya nyanya. Ana haki ya kujua, naye anaweza kuibeba kama nilivyoibeba mimi.

Dagaa wakaange na ndimu, usiwachemshe. Ukishapanga zile rangi nipigie picha ya skrini unitumie, ls na git diff zote mbili, kabla ya Jumatatu.

Mama yako