Kamwene, na Heri ya Krismasi kwa Waliozika Mwaka Huu

Kamwene, akina mama. Kamwene, akina baba. Poleni na msiba, na heri ya Krismasi.

Tunajua maneno hayo mawili hayakai vizuri pamoja. Jirani akiambiwa "heri" anajibu na kupita. Mfiwa anaitikia huku moyoni anahesabu sahani. Na huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Iringa na Njombe hadi Mbeya, sikukuu hii haimngoji mtu apoe. Inakuja mahindi yamefika magotini, kuni zimelowa, ghala limeshaliwa nusu, na ndugu wa mjini wako kwenye basi. Kwa hiyo pamoja na salamu tunawatumia vipimo, maana kinachomchanganya mfiwa katika miezi ya mwanzo mara nyingi ni kipimo. Mkono umezoea. Unachota unga wa mtu ambaye hayupo, unateka maji ya mtu ambaye hayupo, na ugali unabaki.

Tuanze na huo ugali. Kilo moja ya unga hushibisha watu wazima wanne au watano kwa mlo mmoja. Chukua kikombe kimoja cha bati, pima unga wa mlo mmoja wa nyumba yako ya sasa, halafu kiache kikombe hicho ndani ya ndoo ya unga. Usipime kwa macho mpaka baada ya mavuno. Macho bado yanaona watu wa zamani. Kiporo kikibaki siku moja, kitanywewa chai. Kikibaki kila siku, kuku ndio wanaokula ghala lako.

Sasa ghala. Debe moja la mahindi makavu ni kama kilo 17 hadi 18, na debe sita zinajaza gunia. Mama mwenye watoto watatu wa shule, wanaokula ugali mara mbili kwa siku na uji asubuhi, anamaliza debe mbili na nusu hadi tatu kwa mwezi. Kuanzia Januari hadi mwisho wa Juni ni miezi sita, yaani debe 18, yaani magunia matatu. Hesabu hii ifanye kabla ya sikukuu, si baada yake. Ukiwa na magunia manne, moja ni la kuuza, lakini liuze Februari au Machi watu wanapoanza kuhangaika na bei ikapanda; usiliuze wiki hii ukanunulie mbuzi wa wageni. Ukiwa na mawili, ni afadhali ujue leo, ardhi ikiwa bado na unyevu. Maharage ya muda mfupi yakipandwa sasa hukomaa kwa siku 75 hadi 90, na viazi mviringo kwa miezi mitatu au minne. Anayegundua upungufu mwezi wa tatu anabaki na njia moja tu, kukopa kwa ahadi ya kulipa wakati wa mavuno, na mkopo huo hulipwa mahindi yakiwa rahisi.

Kama mahindi yako kwenye mifuko ile yenye nailoni mbili ndani, usifungue mfuko kila mara unapotaka kusaga. Nguvu ya mfuko ni kuwanyima wadudu hewa, nawe kila ukifungua unawapa pumzi. Fungua mmoja, toa debe za mwezi mzima, kamua hewa, funga nailoni ya ndani peke yake, kisha ya pili peke yake, kisha mfuko wa nje. Wengi hufunga zote kwa kamba moja, na hapo ndipo dumuzi anapoponea. Yaliyo kwenye magunia ya kawaida yanataka dawa ya wadudu ya unga, gramu 100 kwa gunia la kilo 100, nayo isambae kwenye mahindi yote, si juu tu. Na kwa kuwa mvua imeanza, jaribu ukavu kwanza: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi theluthi, ongeza kijiko cha chumvi kavu, tikisa, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana maji. Yaanike tena jua litakapotoka, la sivyo yatavunda ndani ya mfuko uliofungwa vizuri kabisa.

Mashineni, saga dona. Kukoboa kunaacha sehemu kubwa ya mahindi kule kule kama pumba. Ila dona ina mafuta ya kiini, kwa hiyo ikikaa wiki nyingi inakuwa chungu. Nyumba ndogo isage nusu debe kwa nusu debe.

Siku yenyewe ya sikukuu jogoo mmoja anatosha. Tunalisema wazi kwa sababu kuna shemeji atakayekumbusha kwamba enzi za marehemu mbuzi alichinjwa. Marehemu alichinja kwa mikono miwili na shamba la watu wawili. Jogoo wa kienyeji, akichemshwa polepole kwa saa moja na nusu hadi mbili, anatoa mchuzi wa watu wanane, na mchele kilo moja na robo unawatosha hao hao. Wapigie simu wanaokuja, waambie mapema: huyu alete mchele, yule mafuta. Ndugu hakatai jambo aliloombwa kabla hajapanda basi. Hukasirika akilikuta mezani. Na msikope dukani. Nyumba nyingi bado zina daftari la sukari na mchele wa matanga, na deni la sikukuu likiandikwa chini ya deni la msiba mwenye duka hatatenganisha.

Badala ya kreti ya soda, togwa. Loweka ulezi usiku mmoja, uchuje, utandaze kwenye gunia bichi siku mbili au tatu mpaka uchipue, uanike na kuusaga. Hicho ndicho kimea. Pika uji mzito wa mahindi, ndoo ya lita 20, uache upoe hadi kidole kivumilie bila kuungua. Hapo ndipo utie kimea, vikombe viwili, na kukoroga. Ndani ya muda mfupi uji unalegea na kuanza kuwa mtamu. Kesho yake una ukali mzuri. Ukitia kimea kwenye uji unaochemka umekiua: uji unabaki mzito, hauwi mtamu, na watu watakunywa kwa heshima tu. Anza kuloweka ulezi siku tano kabla.

Maharage nayo yana jambo lake. Yakilazwa kwenye maji usiku kucha hula kuni chache sana. Mwaga maji hayo, tia mapya, yachemshe kwa nguvu dakika 20, kisha funika sufuria na uizamishe ndani ya kapu lililojazwa nguo kuukuu au majani makavu kwa saa tatu. Yataiva yenyewe. Lakini kapu linapenda sufuria iliyojaa. Sufuria ndogo, au kubwa yenye robo tu, hupoa kabla maharage hayajalainika, na ndiyo sababu wafiwa wengi hujaribu mara moja na kuacha. Pika ya siku mbili kwa pamoja. Yaliyobaki yachemshe tena jioni na asubuhi.

Shamba halina sikukuu, nalo mlijue. Mahindi yaliyopandwa mwisho wa Novemba yanataka mbolea ya kukuzia wiki hizi, palizi ya kwanza ikishapita. Mfuko wa kilo 50 wa urea ni wa ekari moja. Kama mistari iko sentimita 75 na shimo hadi shimo sentimita 60, miche miwili kila shimo, basi kizibo kimoja cha soda kwa kila shimo kinakaribia kuumaliza mfuko huo sawasawa. Weka upana wa kiganja kutoka kwenye shina, fukia. Ikigusa shina inauunguza mche. Ikiachwa juu ya udongo na jua likatoka, sehemu yake inaruka hewani. Fedha ya rambirambi ikibaki baada ya kulipa daftari la duka, hapa ndipo mahali pake.

Lakini usiende kwa wakala ukarudi mikono mitupu. Mbolea ya ruzuku, tangu msimu wa 2022/2023, inatolewa kwa mkulima aliyeandikishwa, na katika nyumba nyingi jina lililoandikwa ni la baba na simu ni ya baba. Nenda ofisi ya mtendaji wa kijiji ubadilishiwe uandikishaji kabla ya kwenda dukani. Kwa sababu hiyo hiyo usiitupe laini ya marehemu. Iache na chaji, maana ujumbe wa kikundi cha kuweka akiba, wa mnunuzi wa viazi, na wa aliyemkopesha au aliyemkopa utaingia humo. Fedha iliyo kwenye laini ni jambo jingine. Kuitoa kimyakimya kwa namba yake ya siri, hata kama ni ya kununulia sare, ndiko kunakozaa kesi baadaye.

Jembe lake pia usilirithi kama lilivyo. Mpini ulikatwa kwa urefu wake, na mtu mfupi akipalilia nao siku tatu anaumwa mabega, akadhani ni huzuni. Ukate upande wa kushikia. Ukikata upande mnene unaoingia kwenye jicho la jembe, litalegea na kuchomoka. Bomba la kupulizia la lita 16 likijaa ni mzigo mzito mgongoni. Jaza lita nane, na dawa nayo iwe nusu. Kuna wanaopunguza maji wakasahau kupunguza dawa, na majani yanaungua. Mabuti ya mvua yakikupwaya, vaa soksi mbili.

Akina baba wagane, hamjasahauliwa. Tatizo lenu huwa si jembe, ni vitu vinavyoisha bila kelele. Sukari: watu wanne, vijiko viwili vidogo kila mmoja kwa siku, kilo moja inafika kama siku 25. Ikiisha siku ya kumi, kuna mahali inaenda, na pengine ni kwa wageni wanaokuja kukupa pole. Andika ukutani kwa mkaa tarehe uliyofungua sukari, chumvi na mafuta. Mwezi mmoja tu, utaijua nyumba yako. Binti mkubwa asigeuzwe mama wa nyumba mwaka anaotakiwa kufanya mtihani. Gawa zamu, na wewe uwe na siku zako za jikoni. Na ulanzi, pombe ya mianzi: msimu wake umeanza pamoja na mvua, ni rahisi, na kila kilabu kina mtu wa kukuambia kaa kidogo. Kaa kidogo, kweli kidogo.

Jambo moja la sikukuu ni zuri kwa mfiwa, nalo ni kwamba ukoo wote upo. Tarehe 25 na 26 ziacheni zipite. Tarehe 27, kabla tiketi za kurudi hazijakatwa, kaeni kikao cha kumpendekeza msimamizi wa mirathi. Muhtasari uwe na tarehe, majina ya warithi wote na saini zao, watoto wadogo watajwe pia, na mjane asiandikwe pembeni kama shahidi. Utakwenda Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne ya kurudisha mahakamani orodha ya mali, fomu namba tano. Akipitisha kimya, mnaruhusiwa kuuliza. Msimamizi hakusanyi mali ili iwe yake, hata kama ndiye kaka mkubwa. Na kama kwenye kikao hicho atasimama mtu kusema mama arudi kwao, au achukuliwe na mdogo wa marehemu, mnaweza kumjibu bila kupandisha sauti: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 68, inampa mjane uhuru wa kuishi anakotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na amtakaye, mila iseme isemavyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo haitambui mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ni mwanamke.

Januari shule zinafunguliwa. Ada imeondolewa, ndiyo, lakini daftari, sare na viatu havijaondolewa. Nguo ya sikukuu ya mtoto mwaka huu iwe shati jeupe la shule. Atalivaa kanisani tarehe 25 na darasani Januari.

Jioni ndiyo saa ngumu, hilo hatuna kipimo chake. Wengine huwasha redio, wengine huwahi kulala ili wasione kigoda kitupu. Mkitembelewa saa hizo, pokeeni. Na ninyi mlio na nyumba nzima, ndizo saa za kumtembelea mfiwa, si saa nne asubuhi akiwa shambani. Nendeni na kuni kavu mbili tatu. Mwezi huu zina thamani kuliko keki.

Na mvua ikinyesha siku ya Krismasi, kama inavyopenda kunyesha huku kwetu, kingeni maji. Bati la mita za mraba 30, mvua ya milimita 20, ni lita 600; hata zikipotea mia moja, zinabaki 500. Dakika kumi za mwanzo ziacheni zioshe vumbi na kinyesi cha ndege, kisha sogezeni pipa. Ni safari nyingi za kisimani ambazo hakuna atakayezienda siku hiyo.

Heri ya Krismasi na mwaka mpya. Kamwene.