Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mnunuzi Amebadilika, Yadi Zetu Bado

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mhazini, na suala la ada limo katika taarifa ya katibu. Mimi nimeona niutumie muda wangu kwa lalamiko moja ambalo karibu kila mwenye yadi ya magari ya mtumba ameniletea mwaka huu, kwamba magari yanakaa bila kununuliwa. Yanakaa kweli. Lakini nimezunguka yadi zenu hapa Dar es Salaam kutoka Kinondoni hadi Tabata, na nilichokiona ni kwamba linalokaa zaidi ni lile gari tuliloliagiza kwa kumfikiria mnunuzi wa miaka saba iliyopita.

Mnunuzi yule tulimjua vizuri. Alitaka gari dogo la Toyota kama IST au Vitz, injini isiyokunywa mafuta, vipuri vya Kariakoo na fundi wa chini ya mwembe anayejua ubovu kwa kusikiliza mlio tu. Mahitaji hayo hayajafa, ila watu wamehamia pembezoni mwa jiji, Goba, Madale na Kigamboni, ambako lami humwacha mtu mbali na geti lake na kipande cha mwisho ni makorongo, kiasi kwamba masika yakianza gari la chini hulazwa kwa jirani. Ndiyo maana aliyekuwa akiulizia Corolla leo anaulizia gari la juu kama RAV4, X-Trail au Forester. Fahari nayo ipo, siikatai. Harrier ile ya 2003, ambayo mjini imepewa jina nisiloweza kuliandika katika taarifa rasmi, haikupendwa kwa sababu ya makorongo peke yake.

Kodi ya uchakavu mnaijua, lakini naieleza tena kwa sababu wateja sasa wanaijua kutuzidi. Chukueni gari lenye thamani ya forodha ya shilingi milioni 10. Ushuru wa asilimia 25 unaifikisha milioni 12.5; kama gari limezidi miaka 10, linatozwa asilimia 30 ya jumla hiyo kwa ajili ya uzee wake, yaani milioni 3.75, kisha VAT ya asilimia 18 inapanda juu ya tozo hiyo, na mwisho wake uzee peke yake unamgharimu mnunuzi zaidi ya milioni 4.4. IST za toleo la kwanza, zilizotengenezwa kati ya 2002 na 2007, zote zimo humo. Zamani mteja alisubiri tumtajie bei. Siku hizi anafungua kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA) kwenye simu akiwa amesimama mbele ya gari, anapiga hesabu, na akiona tumejiongezea kupita kiasi anaondoka bila hata kuomba punguzo. Wengine wanakwenda kuagiza wenyewe Japani.

Lililonigusa zaidi ni karatasi ya mnada, ile inayotoka Japani ikieleza hali ya gari lilipouzwa mnadani. Nilipoanza biashara hii hakuna mteja aliyeiulizia, na sisi wenyewe tuliiacha kwa wakala. Mwaka huu kijana mmoja alikuja yadini kwangu, hakufungua boneti wala hakupiga teke tairi, akaomba karatasi hiyo kwanza, na alipoiona alama ya R, yaani gari lililogongwa na kutengenezwa, akaniuliza kwa upole gari liligongwa upande gani. Sikuwa na jibu, kwa kuwa sikuwa nimeisoma. Kamati nayo ilipokea shauri la mwanachama mwenzetu aliyeuza gari ambalo mita yake ilirudishwa nyuma. Mteja alikuwa na karatasi yenye kilomita halisi, na fedha zikarudishwa. Sitamtaja mwenzetu huyo, ila naomba tusijidanganye kwamba ni yeye peke yake.

Kuhusu magari ya haibridi kama Aqua, yanayotumia petroli pamoja na betri, wateja wanayapenda kwa mafuta na kuyaogopa kwa betri, na hofu hiyo itadumu maadamu hatuwezi kuwaonyesha betri imepimwa. Wanaofunga mitungi ili gari litumie gesi badala ya petroli wanaongezeka, ingawa foleni za vituoni na buti iliyojaa mtungi bado vinawakatisha tamaa wenye familia. Magari mapya ya Kichina, Haval na Chery miongoni mwao, yanaingia na waranti, na waranti ndicho kitu ambacho yadi zetu hazijawahi kutoa. Mtu mwenye fedha ya Harrier ya mtumba, inayokaribia bei ya gari jipya, sasa anasita, na kusita kwake ndiko kunakojaza yadi zetu.

Kwa hiyo kamati inapendekeza kwamba kila gari litakaloingia yadi ya mwanachama libandikwe kwenye kioo karatasi yake ya mnada pamoja na mchanganuo wa kodi iliyolipwa, na atakayekataa asitumie nembo ya chama. Najua wapo watakaosema tunajivua nguo sokoni. Pendekezo limewekwa katika ajenda ya saba, nami naomba lijadiliwe kabla ya chakula, wakati wote bado tupo ukumbini.

Mwenyekiti