Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Maadhimisho ya Siku ya Kisukari Duniani tarehe 14 Novemba, semina ya lishe na kuwajulia hali wagonjwa, yote yalifanyika. Mlikuwepo, au mlipaswa kuwepo.

Nije kwenye lililozua maneno. Ndiyo, kamati ilisitisha ruzuku ya vijiti vya kupimia sukari kwa wanaotumia vidonge pekee. Wanaochoma insulini hawakuguswa, na wanaotangaza kwamba mwenyekiti amewanyima wagonjwa vipimo wangeongeza na hilo. Fedha hizo zimenunua mashine za presha na kugharimia ukaguzi wa miguu.

Hatukupiga ramli. Kijana wetu anayesomea uchumi wa afya alitufanyia hesabu bure, baada ya mimi mwenyewe kumfuata na kumbembeleza. Kompyuta inamchukua mgonjwa wa kubuni, inamzeesha mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka inauliza: kiharusi? figo? mguu umekatwa? Mwisho inajumlisha gharama na miaka ya uzima aliyoipata, huku shilingi ya miaka ijayo ikipunguzwa thamani kwa asilimia 3 kila mwaka. Kanuni zake zinatokana na UKPDS, utafiti wa kisukari wa Uingereza ulioanza 1977, wa wagonjwa 5,102. Matokeo yake ya 1998 yalionyesha kwamba kundi lililobanwa zaidi presha lilipata kiharusi pungufu kwa asilimia 44. Na jaribio la DiGEM la huko huko, la wagonjwa 453 wasiotumia insulini, halikuona kujipima nyumbani kukishusha sukari kwa kiasi cha maana. Gharama ndizo zilizopanda.

Mzee wetu mmoja aliuliza: kwani sisi ni Waingereza? Bei tuliweka za maduka yetu ya dawa. Uwezekano wa kupata madhara ni wa kwao, na hapo nakubali kubishiwa. Lakini abishaye aje na hesabu yake, si na sauti.

Ukaguzi wa kwanza tu, mama mmoja alivua kiatu tukakuta pini imetoboa soli. Tulipomgusa unyayo kwa ule uzi wa nailoni wa kupimia ganzi ya kisukari, unaopinda kwa gramu 10, hakuhisi kitu. Alikuja kwa miguu yake, akicheka.

Sasa ada. Kati ya wanachama 143, waliolipa kamili ni 52. Salio benki ni shilingi 1,870,000 na deni la ukumbi ni 240,000. Kikao cha Agosti kilichojadili vijiti hivyo hivyo kilihudhuriwa na watu 31, wengine wakaondoka baada ya chai. Wengi wa wanaolalamika leo sikuwaona hata kwenye hiyo chai.

Mwakani, Mungu akijalia, tutaangalia suala la macho, na ikiwezekana bima ya kikundi.

Mhazini yuko mlangoni na kitabu cha stakabadhi, na hataondoka kabla yenu.