Bia ya nyumbani Dar: anza na lita 4, na ulifikirie joto kwanza

Wateja wengi wanaotaka kujifunza kupika bia nyumbani huanza kwa kutuuliza ndoo: wachukue ya lita 20 au ya 30? Maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wa nchi za baridi, na huko lita 20 ni kipimo cha kawaida. Sisi humshauri kila anayeanza hapa Dar es Salaam apike lita 4. Bei inapungua, ndiyo, lakini sababu kubwa ni joto.

Hamira nyingi za bia hupenda nyuzi 18 hadi 22. Sebule ya Dar mwezi wa Februari hufika 30 na kupita. Isitoshe, hamira inapokula sukari hutoa joto lake yenyewe. Kwenye ndoo ya lita 20 joto la katikati halipati upenyo wa kutoka upesi, kwa hiyo bia inaweza kulizidi joto la chumba kwa nyuzi kadhaa. Unachopata ni kinywaji chenye harufu ya dawa ya kutolea rangi ya kucha, kinachochoma kooni, na hakuna utakachoongeza baadaye kikakirekebisha. Siku tatu za mwanzo ndizo zinazoamua. Chombo cha lita 5 chenye bia lita 4 hupoa haraka zaidi: kiweke ndani ya beseni la maji, kivishe taulo lililoloa, elekeza feni, halafu asubuhi na jioni badilisha chupa za barafu ndani ya beseni. Kazi hiyo kwa ndoo ya lita 20 itakuchosha, na hata ukiifanya, joto la katikati hulifikii vizuri.

Kuna njia nyingine, nasi tunaipenda zaidi: kutumia hamira isiyogombana na hali ya hewa ya kwetu. Magharibi mwa Norwei, sehemu kama Voss, wakulima wamerithishana hamira iitwayo kveik kizazi hadi kizazi, wakiikausha na kuitunza mpaka wapike tena. Hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 30 hadi 40, na huiachia bia harufu kidogo ya chungwa. Inafurahisha sana kwamba nchi ya theluji ndiyo iliyotutunzia hamira inayoifaa Dar. Siku hizi inauzwa kavu kwenye pakiti. Pakiti ya gramu 11 ni nyingi kwa lita 4. Theluthi yake inatosha, inayobaki ifunge vizuri uiweke kwenye friji. Hamira ya mandazi iache jikoni.

Upishi wenyewe hautamshangaza mtu wa Kilimanjaro aliyekua akiona mbege ikipikwa. Kule kimea ni cha ulezi, hapa ni cha shayiri. Na uchungu ambao mbege huupata kwenye gome la msesewe, bia hii huupata kwenye hopsi, yaani maua makavu ya mmea wa hop.

Pasha lita 7 za maji hadi nyuzi 70 kwenye sufuria ya lita 10. Tumbukiza kilo 1 ya kimea kilichopasuliwa chengachenga, kisiwe unga, kikiwa ndani ya mfuko wa kitambaa chepesi. Joto litashuka hadi 67 hivi. Funika, zungushia blanketi, subiri saa moja. Huo ndio wakati wanga unapogeuka kuwa sukari, kwa hiyo usikisie kwa kidole, tumia kipimajoto. Ukipita 75 vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyo huharibika. Inua mfuko, acha uchuruzike, machicha mpe mfugaji yeyote wa jirani. Chemsha maji hayo matamu kwa saa moja: gramu 5 za hopsi kali mwanzoni, gramu 5 nyingine za kunukia zikibaki dakika tano. Poza sufuria kwenye beseni la barafu mpaka nyuzi 35, mimina kwenye chombo, nyunyiza kveik.

Kuhusu maji: visima vingi vya Dar vina chumvi, usivitumie. Maji ya bomba yachemshe siku moja kabla na uyaache wazi yapoe, klorini itoke. Klorini ikikutana na kimea huipa bia ladha ya dawa ya hospitali, ndiyo maana hatushauri kusafishia vyombo kwa dawa ya madoa. Spiriti ya asilimia 70 inatosha kwa kila kitu kitakachoigusa bia baada ya kuchemka.

Usiharakishe kujaza chupa. Haidromita, kifaa kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki kwenye bia, itaanza karibu na 1.048 na kuishia karibu na 1.010, yaani kilevi cha asilimia 5 hivi. Pima, kaa siku mbili, pima tena. Namba ikiwa bado inashuka, sukari haijaisha, na chupa ya kioo iliyofungwa mapema inaweza kulipuka na kumjeruhi mtu. Anayeanza tunampa chupa za plastiki za soda za nusu lita: gramu 3 za sukari kila moja, funga, na kila siku ibonyeze. Ikiwa ngumu kama soda mpya, iingie kwenye friji.

Wengi hutuuliza kama inaweza kuwa na sumu. Swali hilo tunaliheshimu, kwa sababu pombe imeua watu. Nchini Kenya, Mei 2014, makumi ya watu walikufa kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Bia ya kimea iliyochachuka bila kukenekwa, yaani bila kuchemshwa na kukusanywa mvuke wake, haitoi methanoli ya kiwango cha kudhuru. Vifaa vya kukeneka hatuuzi, gongo ni kosa kisheria. Kuuza bia yako nako kunahitaji leseni, na aliye chini ya miaka 18 hatumhudumii.

Kabla hujaja dukani, weka kipimajoto mahali utakapokiweka chombo chako, soma saa nane mchana na saa nane usiku, ututumie namba zote mbili. Tutakufungia kifurushi cha lita 4 chenye hamira inayozifaa namba hizo.